UZI: Mawe ya figo yanatokana na nini, na picha ipi inayaonyesha vizuri

#1 Fundi Mionzi

Wakuu, salaam. Swali linaloulizwa zaidi kuhusu mawe ya figo ni "lipo au halipo?", na ripoti nyingi za picha huishia kulijibu hilo tu. Anayetibu halimtoshi. Anataka kujua jiwe lina milimita ngapi, limekaa wapi, ni gumu kiasi gani, limezuia mkojo au la, na kama huenda ni la aina inayoyeyushwa kwa dawa. Asiyejua mawe hutokana na nini hawezi kuisoma picha kwa kina hicho, kwa hiyo naanza na chanzo. Wa maabara, wa ultrasaundi na madaktari wa mfumo wa mkojo, karibuni muongeze na kusahihisha.

Mkojo ni maji yaliyobeba chumvi nyingi zilizoyeyuka: kalsiamu, oksaleti, fosfeti, yureti (chumvi ya asidi ya yuriki), sodiamu. Kila chumvi ina kikomo cha kuyeyuka. Maji yakipungua au chumvi ikizidi, kikomo kinapitwa na fuwele huanza kujitenga, kama sukari inayobaki chini ya kikombe cha chai iliyotiwa kupita kiasi. Lakini hapo hadithi haijaisha. Watu wengi wasio na mawe hupita kikomo cha kalsiamu oksaleti mara kwa mara na hakuna kinachotokea, kwa kuwa mkojo una vizuizi vyake: sitreti, magnesiamu, na protini kama uromodulini. Sitreti ndiyo muhimu kuliko vyote. Inaishika kalsiamu isikutane na oksaleti, na inazuia fuwele zilizokwisha kuundwa zisikue na kushikamana.

Jiwe pia linahitaji mahali pa kujishikiza, la sivyo fuwele zingesombwa na mkojo kabla hazijakua. Mwaka 1937 Alexander Randall alieleza mabaka meupe kwenye ncha za piramidi za figo. Mabaka hayo ni fosfeti ya kalsiamu iliyojikusanya chini ya utando wa ncha. Utando ukitoboka, baka linakutana na mkojo na kalsiamu oksaleti inajipanga juu yake. Ndiyo maana mawe mengi ya oksaleti, yakichunguzwa, yana kiini kidogo cha fosfeti upande yaliposhikia.

Aina zenyewe kwa ufupi. Mawe ya kalsiamu ni takribani asilimia 80 ya mawe yote, mengi yakiwa ya oksaleti na machache ya fosfeti. Yanayobaki ni ya asidi ya yuriki, ya struvaiti (mawe ya maambukizi), na ya sistini, ambayo ni ya kurithi na ni machache sana. Kuna pia mawe ya dawa, yanayojengwa na dawa yenyewe, kwa mfano indinaviri (dawa ya VVU), triamtereni na salfadiazini.

Nitarudi kwenye picha. Kwanza wa maabara waseme kuhusu pH (kipimo cha ukali wa asidi), maana hapo ndipo aina zinapotengana.

#2 Maabara Mkojo

Asante Fundi. pH ya mkojo ni kipimo rahisi kinachodharauliwa.

Asidi ya yuriki: pH ikishuka chini ya 5.5, sehemu kubwa ya yureti hugeuka asidi isiyoyeyuka. Watu hudhani jiwe hili linaletwa na wingi wa asidi ya yuriki kwenye damu. Mara nyingi tatizo kubwa ni mkojo kuwa na asidi muda wote, na hali hiyo huambatana na unene uliokithiri na kisukari cha aina ya 2, kwa kuwa figo hushindwa kutengeneza amonia ya kutosha kupunguza makali ya asidi. Mwenye kuharisha kwa muda mrefu pia yumo: anapoteza maji na bikaboneti, mkojo unakuwa mchache na wenye asidi.

Fosfeti ya kalsiamu: kinyume chake, inapenda pH ya juu, kuanzia 6.5 hivi kwenda mbele. Ukiona jiwe la fosfeti tupu, uliza kuhusu kasoro ya mirija ya figo kushindwa kutoa asidi (aina ya 1), tezi za parathairoidi kufanya kazi kupita kiasi, na dawa kama topirameti au asetazolamaidi. Dawa hizo mbili hupandisha pH na kushusha sitreti kwa wakati mmoja.

Struvaiti: hapa kuna bakteria wenye kimeng'enya cha yurezi, kama Proteus, Klebsiella na baadhi ya Staphylococcus. Yurezi huivunja yurea kuwa amonia, pH inapanda juu ya 7, na fosfeti ya magnesiamu na amonia inajitenga. Jiwe hili hukua haraka na linaweza kujaza beseni la figo (mkojo unapokusanyikia) pamoja na vikombe vyake. E. coli kwa kawaida haina yurezi, kwa hiyo E. coli kwenye mkojo wa mwenye jiwe haithibitishi kuwa jiwe ni la maambukizi.

Angalizo la kazini: pima pH kwenye mkojo uliotoka sasa hivi. Mkojo ulioachwa mezani saa kadhaa hupanda pH kwa sababu ya bakteria, na utamwandikia mtu struvaiti asiyokuwa nayo.

#3 Mzizi wa Jambo

Wataalamu, naomba ufafanuzi. Ikiwa mawe mengi ni ya kalsiamu, kwa nini mgonjwa asiambiwe aache vyakula vyenye kalsiamu? Ushauri huo unatolewa sana.

#4 Dkt. Mrija

Mkuu Mzizi, ushauri huo una madhara na inafaa uachwe. Kalsiamu ya chakula, ikiwa tumboni pamoja na oksaleti, hushikana nayo na vyote viwili hutoka na choo. Ukiiondoa, oksaleti inabaki huru, inanyonzwa na utumbo, inaingia kwenye damu na kutokea kwenye mkojo. Kwa hiyo anayekwepa kalsiamu ya chakula anaweza kuongeza hatari ya jiwe, na juu yake anapunguza uimara wa mifupa. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, na iliwe pamoja na mlo. Vidonge vya kalsiamu vinavyomezwa bila chakula ni habari nyingine: havikutani na oksaleti yoyote tumboni, kalsiamu inaishia kwenye mkojo.

Cha kupunguza ni chumvi ya mezani. Figo ikitoa sodiamu nyingi hutoa na kalsiamu nyingi, kwa sababu mirija ya figo inapoacha kuirudisha sodiamu kwenye damu, kalsiamu nayo inaachwa ipite. Lengo ni sodiamu isiyozidi miligramu 2,300 kwa siku. Nyama ya aina yoyote kwa wingi huongeza asidi mwilini: kalsiamu ya mkojo inapanda, sitreti inashuka, pH inashuka, yureti inaongezeka. Mambo manne kwa mpigo.

Oksaleti yenyewe hutoka sehemu tatu. Chakula, ambapo spinachi na lozi ni miongoni mwa vinavyoongoza. Ini, ambalo huitengeneza, na vitamini C ya vidonge kwa gramu 1 au zaidi kila siku huongeza kiasi hicho. Na utumbo unaovuja oksaleti: kwa mwenye ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) au aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito kwa kuupita utumbo, mafuta yasiyonyonzwa huishika kalsiamu, oksaleti ikabaki bila mshirika na kunyonzwa kwa wingi kwenye utumbo mpana. Mgonjwa wa namna hii usimtibu kwa kumwambia anywe maji tu.

Kuhusu maji: kinachopimwa ni mkojo unaotoka. Lengo ni lita 2.5 za mkojo kwa siku. Anayefanya kazi juani anaweza kunywa lita tatu na bado akatoa mkojo wa lita moja na nusu.

#5 Fundi Mionzi

Vizuri sana Daktari. Sasa picha.

CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande kwa vipande) isiyo na kontrasti (dawa ya kung'arisha picha) ndiyo kipimo chenye uwezo mkubwa kwa jiwe, usahihi wake unazidi asilimia 95. Kontrasti haiwekwi kwa sababu ikishaanza kutoka kwenye figo, mkojo wote unakuwa mweupe pe na jiwe jeupe linapotea ndani yake.

Namna ya kuipiga. Eneo lianze juu ya figo hadi chini ya kibofu, na mara nyingi ukingo wa juu wa mfupa wa kinena ndio alama ya chini. Usipige kifua wala tumbo lote la juu bila sababu. Tumia itifaki ya dozi ndogo, chini ya milisiverti 4 (kipimo cha dozi ya mionzi). Itifaki ya kawaida ya tumbo na nyonga inaweza kufika 10, na mtu wa mawe hurudi tena na tena. Kwa mwenye uzito mkubwa, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) zaidi ya 30, dozi ndogo huleta chengachenga na vijiwe vidogo hupotea, hapo pandisha.

Vipande vijengwe kwa unene wa milimita 1 hadi 3. Kwenye vipande vya milimita 5, kijiwe cha milimita 2 kinaweza kufifia hadi kisionekane. Jenga pia picha za kutazama kutokea mbele, maana urefu wa jiwe mara nyingi uko juu-chini, na anayepima kwenye kipande cha kukata pekee huandika milimita 5 kwa jiwe la milimita 8. Pima ukiwa umekuza picha na umeweka mwangaza wa kuangalia mifupa. Mwangaza wa nyama laini hulinenepesha jiwe.

Kusoma: usirukie kutafuta doa jeupe kwenye nyonga. Anza na beseni la figo, ishike ureta (mrija wa kupeleka mkojo kibofuni), ushuke nayo kipande kwa kipande. Inapita mbele ya msuli wa soasi, inavuka mishipa mikubwa ya damu ya iliaki (ya kuelekea miguuni), inaingia nyonga na kuishia nyuma ya kibofu. Vena (mshipa wa kurudisha damu) ya korodani au ya ovari hutembea karibu nayo na huwapotosha wengi, kwa hiyo ukipoteza njia anza tena kutokea kwenye kibofu ukipanda juu. Mawe hukwama zaidi sehemu tatu: beseni linapoungana na ureta, ureta inapovuka mishipa ya iliaki, na inapoingia kibofuni, ambapo ndipo pembamba kuliko pote.

Jiwe likionekana limekaa pale pale kwenye mlango wa kibofu, mgeuze mgonjwa alale kifudifudi na upige sehemu hiyo ndogo tu. Likianguka mbele, liko ndani ya kibofu na limeshapita. Likibaki, bado limekwama.

#6 Sonografa Makini

Naongeza upande wa ultrasaundi, maana watu huilaumu kwa makosa ya mpimaji.

Tumia proba ya kupinda ya megahezi 2 hadi 5. Mgonjwa alale chali, kisha ubavu, na figo itazamwe kwa urefu na kwa upana, kikombe kwa kikombe. Jiwe ni doa linalong'aa lenye kivuli cheusi nyuma yake. Kivuli kinakosekana kwa sababu tatu za kawaida: jiwe ni dogo, chini ya milimita 5, fokasi imewekwa mbali na jiwe, au mashine imewashwa mfumo wa kuchanganya mawimbi ya pembe nyingi, ambao hulainisha picha na kukifuta kivuli. Shusha fokasi hadi usawa wa jiwe, zima mfumo huo, punguza geini (nguvu ya kung'arisha picha), utashangaa kivuli kinavyojitokeza.

Kisha weka dopla ya rangi (inayoonyesha kinachotembea, kama damu). Jiwe hutoa mmeto wa rangi mchanganyiko nyuma yake. Ili usiuchanganye na damu, pandisha kiwango cha kasi mpaka rangi ya mishipa ya kawaida ipotee. Mmeto wa jiwe utabaki. Usiutegemee peke yake hata hivyo, maana chokaa kwenye kuta za mishipa nayo humeta.

Ukubwa: ultrasaundi huongeza vipimo vya vijiwe vidogo. Milimita 6 ya ultrasaundi huweza kuwa 4 ya CT. Pale kivuli kilipo wazi, kupima upana wa kivuli hukaribia ukweli zaidi kuliko kupima mng'ao.

Kibofu kiwe na mkojo wa wastani. Kikiwa kitupu huoni mlango wa ureta, kikijaa kupita kiasi figo zote mbili zinaweza kuonekana zimetuna kidogo na ukaandika kizuizi kisichokuwepo. Ukiona figo imetuna na kibofu kimejaa, mwambie akakojoe, mtazame tena. Halafu angalia michirizi ya mkojo inayoingia kibofuni kwa dopla, dakika chache kila upande. Upande usiorusha kabisa, huku mwingine ukirusha, unashukiwa.

Vinavyofanana na figo kutuna: vivimbe vya maji kando ya beseni, ambavyo haviungani na vikombe, beseni lililotokeza nje ya figo kimaumbile, na vena kubwa, ambayo dopla itaifichua mara moja.

Udhaifu mkubwa ni katikati ya ureta. Gesi ya utumbo inafunika, na hapo ultrasaundi hukosa mawe mengi. Sema hivyo kwenye ripoti: "ureta ya kati haikuonekana". Usiandike "hakuna jiwe".

#7 Mzizi wa Jambo

Basi kama CT inaona kila kitu na ultrasaundi inakosa, kwa nini tusipige CT kwa kila anayekuja na maumivu ya ubavu?

#8 Sonografa Makini

Kwa sababu swali la saa ya kwanza si "jiwe liko wapi" bali "kuna hatari?". Mwaka 2014 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa 2,759 kutoka idara 15 za dharura Marekani. Waligawanywa: baadhi walianza na ultrasaundi ya daktari wa dharura, baadhi ya idara ya picha, wengine CT. Magonjwa hatari yaliyokosewa hayakutofautiana kwa maana, na walioanza na ultrasaundi walipata mionzi pungufu. Baadhi yao walifanyiwa CT baadaye, na hilo ni sawa, ndivyo mpango unavyopaswa kwenda.

#9 Dkt. Mrija

Nakubaliana na Sonografa, ila kwa masharti. CT iende mbele bila kusubiri pale penye homa, figo moja tu, mkojo kukatika, maumivu yasiyotulizwa na dawa, au mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 50 anayepata maumivu haya kwa mara ya kwanza. Huyo wa mwisho mfikirie aota (mshipa mkuu wa damu) iliyotanuka, ambayo huiga maumivu ya jiwe kikamilifu. Ultrasaundi ya kitandani inaweza kuipima aota ndani ya dakika moja, kwa hiyo ifanyike wakati CT inaandaliwa. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, kipimo cha mimba kitangulie. Kujipinda kwa ovari na mimba iliyotunga nje ya kizazi huja na maumivu hayo hayo.

Na msidanganywe na mkojo usio na damu. Karibu mtu mmoja kati ya kumi wenye jiwe kwenye ureta hana damu kwenye kipimo cha mkojo.

Homa pamoja na kizuizi ni dharura ya saa, si ya siku. Mkojo wenye usaha uliofungiwa huingiza bakteria kwenye damu. Hapo jiwe halishughulikiwi kwanza. Kinachofanyika ni kuufungulia mkojo kwa mpira wa ndani wa ureta au bomba la kupitia mgongoni hadi kwenye figo, antibiotiki, na jiwe litangoja.

#10 Kijana wa Eksirei

Naomba mnisaidie kutofautisha jiwe la chini ya ureta na vijiwe vya vena kwenye nyonga. Hapa ndipo ripoti zinapogongana.

#11 Fundi Mionzi

Swali zuri kijana, hapo hata wazoefu hujikwaa. Angalia mambo haya kwa pamoja.

Kijiwe cha vena kwa kawaida ni cha mviringo kamili na mara nyingi katikati yake kuna weusi kidogo, hasa kwenye eksirei. Hukaa chini, karibu na usawa wa miiba ya mfupa wa nyonga au chini yake, na pembeni zaidi. Jiwe la ureta mara nyingi lina kona na halina weusi wa katikati.

Kwenye CT tafuta ukingo wa nyama laini unaolizunguka jiwe: huo ni ukuta wa ureta uliovimba, na unaashiria jiwe kwa nguvu. Jiwe kubwa linaweza kuunyoosha ukuta hadi ukingo usionekane, kwa hiyo kukosekana kwake hakuondoi jiwe. Kijiwe cha vena, kwa upande mwingine, huwa na mkia wa nyama laini unaotoka upande mmoja, ambao ni vena yenyewe.

Kisha tazama juu. Ureta iliyopanuka inaishia kwenye doa hilo? Figo upande huo imetuna, na mafuta yanayoizunguka yana michirizi? Hayo yakiwepo upande wa maumivu na doa liko kwenye njia ya ureta, andika jiwe. Michirizi bila jiwe lolote inaweza kumaanisha jiwe limeshapita muda mfupi uliopita, au maambukizi ya figo, au figo iliyokosa damu. Ya mwisho huhitaji kontrasti kuonekana.

Kuhusu eksirei ya kawaida ya tumbo: peke yake hukosa mawe mengi, kwa sababu gesi, kinyesi na ncha za mifupa ya mgongo hufunika. Kazi yake nzuri ni kufuatilia jiwe ambalo tayari limethibitishwa kuwa linaonekana kwa eksirei. Tumia kilovolti za chini, 65 hadi 75, mgonjwa akiwa ametoa pumzi, na picha ianzie juu ya figo hadi chini ya mfupa wa kinena. Kalsiamu inaonekana vizuri, struvaiti na sistini kwa kufifia, asidi ya yuriki haionekani kabisa.

#12 Kijana wa Eksirei

Nashukuru mkuu. Na namba za Hounsfield (kipimo cha CT cha jinsi kitu kinavyozuia mionzi), zinaaminika kutaja aina ya jiwe?

#13 Fundi Mionzi

Zinaelekeza, hazithibitishi. Asidi ya yuriki kwa kawaida huwa kati ya 200 na 500. Struvaiti na sistini hukaa katikati, na zinaingiliana. Kalsiamu oksaleti ngumu na brushaiti (aina ngumu ya fosfeti ya kalsiamu) huvuka 1,000, mara nyingi 1,200 na zaidi. Kwa daktari, namba ya juu ya 1,000 ina maana kwamba kuvunja kwa mawimbi kutoka nje ya mwili kuna nafasi ndogo ya kufaulu, hasa kama umbali kutoka ngozi hadi jiwe unazidi sentimita 10. Pima na umbali huo, uandike.

Makosa ya kupima. Duara la kupimia liwe ndani ya jiwe, lisiguse ukingo, maana ukiingiza mkojo au mafuta wastani unashuka. Kijiwe cha milimita 3 cha kalsiamu kinaweza kusoma 400 kwa sababu kipande kimechanganya jiwe na mkojo, na mtu akaandikiwa asidi ya yuriki na kupewa dawa ya kuyeyusha kisichoyeyuka. Kwa vijiwe vya chini ya milimita 5 usiweke uzito mkubwa kwenye namba. Tena, kilovolti zikishuka kutoka 120 hadi 100, namba za kalsiamu hupanda. Linganisha picha zilizopigwa kwa kilovolti sawa.

CT ya nishati mbili hutenganisha vizuri zaidi. Inapiga kwa kilovolti mbili tofauti, kwa mfano 80 na 140. Asidi ya yuriki hubadilika kidogo tu kati ya hizo mbili, kalsiamu hubadilika sana. Swali inalolijibu vizuri ni moja: ni asidi ya yuriki au siyo? Na hilo ndilo lenye faida, kwa sababu asidi ya yuriki ndiyo inayoyeyuka.

#14 Dkt. Mrija

Nathibitisha. Ikiwa ni asidi ya yuriki, potasiamu sitreti au sodiamu bikaboneti hupandisha pH ya mkojo hadi 6.5–7.0, na mgonjwa anajipima mwenyewe kwa vijiti mara kadhaa kwa siku. Usizidishe. pH ikikaa juu ya 7.2, fosfeti ya kalsiamu hujipaka juu ya jiwe na kulifunga lisiyeyuke.

Na mkumbuke jiwe la indinaviri. CT haioni jiwe hilo likiwa tupu. Mgonjwa anayetumia dawa hiyo, figo imetuna, ureta imepanuka, na jiwe "halipo", hapo ndipo kontrasti inaporuhusiwa: picha za kuchelewa huonyesha pengo jeusi ndani ya mkojo mweupe.

#15 Mama wa Wodi

Wajawazito na watoto je, wanangu? Hapa kwenye uzi bado.

#16 Sonografa Makini

Shikamoo mama. Wote huanza na ultrasaundi. Kwa mjamzito tatizo ni kwamba figo, hasa ya kulia, hutuna kwa mimba yenyewe. Kinachosaidia kutofautisha: ureta iliyopanuka kwa mimba huishia inapovuka mishipa ya iliaki, ikiendelea kupanuka chini ya hapo mfikirie jiwe. Angalia michirizi ya kibofuni akiwa amelala ubavu, maana akilala chali mji wa mimba unaweza kuibana ureta na kuzima mchirizi. Proba ya ukeni huona mlango wa ureta vizuri sana. Isipotosha, MRI bila kontrasti: jiwe lenyewe halitoi ishara, linaonekana kama pengo jeusi, lakini ureta na mahali inapokatikia panaonekana wazi. CT ya dozi ndogo ni ya mwisho.

Kwa mtoto mwenye jiwe, usiishie kwenye picha. Tafuteni magonjwa ya kurithi, yakiwemo sistinuria (sistini kuzidi kwenye mkojo) na oksaleti kuzidi kwa asili.

#17 Maabara Mkojo

Nimalizie upande wa chanzo. Jiwe likitoka, lisitupwe. Mgonjwa akojolee kwenye chujio, jiwe likaushwe, lipelekwe kuchunguzwa kwa spektroskopia ya infraredi au kwa kutazama jinsi fuwele zake zinavyotawanya miali ya eksirei.

Mkojo wa saa 24: subirini wiki 6 hivi tangu maumivu au upasuaji, na mgonjwa ale na kunywa kama kawaida yake. Wengi huanza kunywa maji mengi siku ya kipimo, na matokeo yanaonyesha mtu asiyekuwepo. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwagwa na saa inaandikwa. Kuanzia hapo kila tone linaingia chomboni, hadi saa ile ile kesho yake, na mkojo wa saa hiyo nao unaingizwa. Chombo kikae kwenye ubaridi. Kalsiamu, oksaleti na sitreti zinahitaji mkojo uliotiwa asidi, lakini asidi hiyo hiyo hugandisha asidi ya yuriki na kuharibu pH, kwa hiyo tengeni sehemu isiyotiwa kitu.

Kreatinini ndiyo inayotuambia kama mkusanyo umekamilika: mwanaume takribani miligramu 20 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito, mwanamke 15 hadi 20. Ikiwa chini mno, mkojo umemwagwa mahali, rudieni. Vikomo vinavyotumika sana kwa siku: kalsiamu 250 kwa mwanamke na 300 kwa mwanaume, oksaleti 45, zote miligramu na zisizidi, sitreti isipungue 320. Mikusanyo miwili ni bora kuliko mmoja. Kwenye damu pimeni kreatinini, kalsiamu, asidi ya yuriki, potasiamu na bikaboneti. Kalsiamu ikiwa juu, ongezeni homoni ya parathairoidi.

#18 Mzizi wa Jambo

Swali la mwisho kutoka kwangu. Maumivu yakiisha, picha ya pili ya nini?

#19 Dkt. Mrija

Kwa sababu maumivu hutokana na presha inayopanda ghafla. Kizuizi kikikaa, figo hupunguza kutengeneza mkojo, presha inashuka, maumivu yanaisha na jiwe lipo pale pale huku figo ikiharibika kimyakimya. Jiwe la chini ya milimita 5 hupita lenyewe kwa takribani watu 68 kati ya 100, la milimita 5 hadi 10 kwa 47. Asiyeshuhudia jiwe likitoka arudi: ultrasaundi kuangalia kama kutuna kwa figo kumeisha, na eksirei kama jiwe lilionekana kwayo mwanzoni. Likikaa wiki 4 hadi 6 bila kusogea, liondolewe.

#20 Fundi Mionzi

Na ndiyo maana kwenye ripoti ya kwanza andikeni kama jiwe linaonekana kwenye picha ya mwongozo ya CT (ile bapa ya kwanza ya kupangia vipande). Likionekana pale, ufuatiliaji utafanyika kwa eksirei na mgonjwa ameepushwa CT nyingine. Lisipoonekana, msihitimishe kuwa eksirei haitaliona, kwa sababu picha ya mwongozo ni hafifu kuliko eksirei kamili. Pigeni eksirei moja siku hiyo hiyo ya mwanzo, iwekwe kwenye faili ya kulinganishia.